Ukifungua Sauti Yote, Sikiliza Kinachopotea

ULIZA FUNDI WA SPIKA

Barua za toleo hili zimekuja kama waandishi wake walikaa kikao. Kila mmoja ana spika au hedifoni, kila mmoja ameifungua mpaka mwisho, na kila mmoja anataka kujua kama alichosikia ni sifa au ni ugonjwa. Nitajibu kwa mtindo wangu: pale ninapopapenda nitarefusha, kwingine mtanisamehe.

*

Shikamoo Fundi. Mimi na kaka yangu tumebishana. Nina spika ndogo ya Bluetooth, yeye ana zile kubwa za kusimama sakafuni, za zamani. Tukizifungua kwa zamu, yangu inapiga mpaka watu wanakunja uso. Zake unaweza kukaa mbele yake saa nzima. Nasema yangu ina nguvu zaidi, yeye ananicheka.
— Mdogo mtu

Marahaba mwanangu. Kaka yako ana haki ya kucheka, ila asicheke sana, maana kosa hilo nililifanya mimi nikiwa tayari nalipwa kwa kazi hii.

Nilikuwa msaidizi wa mzee mmoja aliyekuwa akifunga mitambo kumbini. Siku moja tulifunga spika ambazo sikuwahi kuzisikia. Muziki ukawashwa, nikaona hazina nguvu, nikamwambia niongeze kidogo. Hakujibu. Alinishika mkono akanipeleka katikati ya ukumbi, akageuka, akaanza kuniambia jambo. Niliona midomo inacheza. Neno hata moja sikulipata, na alikuwa karibu yangu kiasi cha kunigusa. Akarudi kwenye mtambo, akashusha sauti, ndipo nikasikia swali lake: "Bado unataka niongeze?"

Nilichokuwa nimezoea kukiita sauti kubwa kilikuwa mkwaruzo. Spika iliyozidiwa haitoi tu ulichoipa, inaongeza na vya kwake. Ukiipa mlio wa hezi 100, yaani mitetemo 100 kwa sekunde, inakurudishia hiyo 100 pamoja na 200, 300, 400 na kuendelea, na vile vipande vya juu vinaangukia sehemu ambayo sikio la binadamu ni kali kuliko zote, kati ya hezi 2,000 na 5,000 hivi. Ubongo ukivisikia unasema: hii ni kelele. Spika safi haina vipande hivyo, kwa hiyo inapanda na kupanda nawe hushtuki, mpaka ujaribu kuongea.

Basi msibishane tena. Mmoja asimame mita mbili kutoka kwenye spika, mwingine kando yake asome lolote kwa sauti ya mazungumzo. Spika inayomfunika msomaji ndiyo yenye nguvu, hata kama haikunji uso wa mtu. Na siku nyingine ukitaka kuipima spika, acha kujiuliza inapiga kiasi gani. Pandisha hatua kwa hatua, na kila hatua ujiulize nini kimebadilika zaidi ya ukubwa. Ikiwa jibu ni "hakuna", panda tena. Ile hatua ambayo mwimbaji anaanza kubanwa pua, au ngoma inaacha kugonga na kuanza kupapasa, hiyo ndiyo sauti ya mwisho ya spika yako. Kitufe kinachoendelea kuzunguka baada ya hapo ni pambo.

*

Fundi, nachagua kati ya hedifoni mbili. Nimezijaribu mara nne, kila mara mshindi yupo lakini si yuleyule. Nikizifungua sana nazipenda zote. Nakosea wapi?
— Msitaji

Unakosea pale ninapokosea mimi nisipojichunga: hukuzisawazisha ukubwa wa sauti kabla ya kuzilinganisha. Ukichomeka hedifoni mbili kwenye simu moja na kuacha sauti palepale, moja yaweza kuizidi nyingine hata desibeli 10 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), kwa sababu kila moja ina wepesi wake wa kupokea umeme. Hilo utaligundua. Balaa liko kwenye tofauti ndogo. Hedifoni A ikizidi B kwa desibeli moja tu, sikio halikwambii "A ina sauti zaidi". Linakwambia "A ina uhai, ina besi, ni angavu". Nimeona watu wazima wakiapa.

Sababu yake inajulikana tangu 1933, pale Harvey Fletcher na Wilden Munson wa Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu ya Marekani, walipochapisha vipimo vyao vya usikivu wa watu. Sikio halisikii masafa yote, yaani milio mizito na myembamba, kwa usawa, na kutokuwa sawa huko kunabadilika kadiri sauti inavyopanda. Kwa vipimo vinavyotumika siku hizi, kwenye sauti ya utulivu ya desibeli 40, mlio mzito wa hezi 50 unahitaji karibu desibeli 38 za ziada ili usikike sawa na mlio wa hezi 1,000. Ukipanda hadi desibeli 80, nyongeza inayohitajika inashuka hadi kama 22. Kwa maneno mengine, besi inajitokeza yenyewe unapoongeza sauti, na hedifoni haijafanya lolote la kusifiwa.

Kwa spika, kusawazisha ni rahisi. Cheza ule mlio unaofanana na mvua kubwa juu ya bati, mafundi tunauita pinki noizi, weka simu yenye programu ya kupima desibeli pale kichwa chako kitakapokuwa, usiisogeze, na rekebisha mpaka spika zote mbili zisome namba moja. Haijalishi kama namba yenyewe si ya kweli, ilimradi iwe moja. Kwa hedifoni simu haitakufaa kitu, kwa sababu sauti inategemea jinsi ilivyokaa sikioni. Hapo tumia sauti ya mtu anayeongea. Irekebishe kila hedifoni mpaka uone yule mtu amesimama umbali uleule. Ni kazi ya kuchosha kidogo, lakini imenisaidia.

Ukishasawazisha, sikiliza kwanza kwa sauti ndogo, kisha panda kwa dakika mbili tatu, kisha shuka tena. Hapo utagundua kwa nini mshindi wako anabadilika. Hedifoni iliyokolezwa besi kiwandani inapendeza ikiwa chini, ukiipandisha inageuka uji mzito. Ile iliyonyooka inaonekana nyembamba chini, ikipanda inajaa vizuri. Hakuna mkosi hapo. Amua kwanza utaishi na sauti ya kiasi gani, halafu uchague kwa sauti hiyo.

Na kama unaweza, mtu mwingine awe anakubadilishia bila kukwambia. Watafiti Floyd Toole na Sean Olive wa kampuni ya Harman walifanya hivyo kwa spika nne na wasikilizaji 40, wakatoa matokeo mwaka 1994. Watu walewale, spika zilezile, lakini alama zilibadilika waziwazi pale walipoziona. Na hao walikuwa wafanyakazi wa kampuni ya spika. Hedifoni ni vigumu kuificha kwa sababu uzito wake na sponji zake zinajitambulisha kichwani, lakini hata kufumba macho ukavalishwa ni bora kuliko kuitazama nembo.

*

Spika yangu ya Bluetooth ina besi nzuri sana ikiwa katikati. Nikiipandisha juu besi inakimbia, inabaki sauti ya debe. Je, imeharibika?
— Mpenda besi

Haijaharibika, inajiokoa.

Chukua mfano wa koni ndogo, ile sehemu inayotikisika na kutoa sauti, iliyo ndani ya kasha lililofungwa. Tuseme kwa mlio wa hezi 100 inakwenda mbele na nyuma milimita 1. Ukitaka nguvu ileile ya sauti kwa hezi 50, haisafiri milimita 2, inasafiri 4. Kila masafa yakishuka nusu, safari inaongezeka mara nne. Sasa ongeza desibeli 10, yaani ile hatua ambayo sikio la kawaida linaona sauti imekuwa maradufu. Safari inazidishwa tena kwa zaidi ya mara tatu, na zile milimita 4 zinakuwa karibu 13. Koni ya ukubwa wa kiganja cha mtoto haina milimita 13 za kwenda popote. Itagonga, itachanika, au koili, ule waya uliozungushwa unaoisukuma koni, itatoka kwenye sumaku na kurudi upande.

Waliotengeneza spika yako wanajua, kwa hiyo wameweka kompyuta ndogo ndani inayopunguza besi kadiri unavyopandisha. Na katikati, pale unapoisifu, kompyuta hiyohiyo inaongeza besi kuliko iliyo kwenye wimbo. Kwa hiyo umesifu chumvi, ukalalamika ilipopungua.

Hapa pana jambo ambalo wapimaji wengi wanaliruka. Spika ya namna hii ikipanda inaweza isikwaruze hata kidogo. Ukisubiri mkwaruzo utasema ni nzuri sana. Sikiliza mizani badala yake: gitaa la besi liko wapi? Kila ngoma kubwa ikigonga, sauti ya mwimbaji inazama kidogo na kuibuka tena, kama mtu anayepumua? Ukisikia kupumua huko, kile kidhibiti cha ndani kimeshika hatamu. Shusha hatua mbili, ndipo ilipo spika yako ya kweli. Kuisogeza karibu na ukuta au kona kutakurudishia besi kidogo bila kuitesa.

*

Unatumia nyimbo gani kujaribu spika kwa sauti kubwa?
— DJ mwanafunzi

Swali hili nimeulizwa mara nyingi kuliko yote na jibu langu huwakera vijana, kwa sababu sianzi na wimbo. Naanza na mtu anayeongea.

Nina rekodi ya mke wangu akisoma. Haina muziki, haina mwangwi, ni yeye tu karibu na maikrofoni nzuri. Sauti yake naijua kuliko ninavyoijua ya kwangu, kwa hiyo spika haiwezi kunidanganya juu yake. Nikiipandisha hadi zaidi ya sauti ya kawaida ya binadamu, kifua cha spika mbovu kinaanza kuvuma, kana kwamba anasoma akiwa ndani ya pipa. Na kuna sentensi niliyomtungia makusudi: "Sasa usisahau shati safi sandukuni." Hizo s na sh ni kama mchanga. Kwenye twita nzuri, ile spika ndogo ya milio ya juu, unasikia mchanga laini hata sauti ikiwa juu. Kwenye twita iliyozidiwa unasikia mate. Lugha yetu imebarikiwa vipimo vya twita, basi tu hatuvitumii.

Baada ya hapo naweka kinanda peke yake. Kinanda ni hakimu mkali: noti moja ya juu ikishikiliwa inatakiwa ififie bila kutetemeka. Spika inayotikisika ndani inafanya noti iwe na unyevu, kama kengele iliyopasuka. Kisha kwaya, watu wengi kwa pamoja, na hapa ndipo spika nyingi zinaponiaga. Sauti moja peke yake inaweza kupita salama. Waimbaji 30 wakiingia kwa nguvu, koni iliyozidiwa inazichanganya sauti zao na kuzaa milio ambayo hakuna aliyeiimba. Hutasikia mkwaruzo wa wazi. Utasikia ukungu: ulikuwa unaweza kumnyooshea kidole mwimbaji wa sauti ya tatu, sasa huwezi. Pandisha, shusha, mtafute tena. Akirudi unaposhusha, umeshajua kikomo.

Muziki wa ngoma na besi naufikia mwisho, nikiwa tayari nimeshaamua mengi. Na tahadhari, mdogo wangu: rekodi nyingi za kisasa zimekandamizwa na kukatwa vichwa vya mawimbi kule studio, ili zisikike kubwa. Mkwaruzo umo ndani ya rekodi yenyewe. Utailaumu spika isiyo na kosa, tena kadiri ilivyo nzuri ndivyo itakavyokuonyesha kosa la wengine. Kabla ya kuhukumu, usikilize wimbo huo kwa sauti ndogo. Mkwaruzo ulio kwenye rekodi upo hata chini, ule wa spika unakuja na kuondoka na volyumu.

Mwisho kabisa ni mlio mmoja unaotelezeshwa taratibu kutoka hezi 30 kwenda 200, kwa sauti ya wastani. Usiuzidishe, mlio mtupu unaua spika haraka kuliko muziki. Koili inayosugua sumaku, kasha lenye ufa, skrubu iliyolegea, vyote vinajitaja vyenyewe kwenye mteremko huo.

Lakini hapo nina aibu ya kuungama. Niliwahi kufungua spika ya mteja, nikaifunga, nikaifungua tena, jioni mbili nzima, nikitafuta mtetemo wa karibu hezi 90. Nilibadilisha skrubu, nikapaka gundi upya, nikaanza hata kuishuku sumaku. Jioni ya pili binti yangu akaingia, akachukua rundo la funguo lililokuwa juu ya kabati, akatoka. Mtetemo ukatoka naye. Tangu siku hiyo, kabla ya kugusa bisibisi natembea chumbani mlio ukiendelea, nashika vioo, milango, fremu za picha, kitasa. Chumba nacho ni chombo cha muziki. Chenye urefu wa mita 4 kina mlio wake mzito wa karibu hezi 43 ambao kitauvimbisha kwa spika yoyote utakayoileta, na usiposogea ulipokaa utadhani ni besi ya spika.

*

Spika zangu zinapiga vizuri nusu saa ya kwanza. Baadaye zinapooza, naongeza, zinapooza tena. Ni amplifaya au ni spika?
— Mwenye ukumbi

Yawezekana ni spika, na yawezekana ni wewe mwenyewe. Nianze na spika.

Sehemu kubwa ya umeme unaoingia kwenye spika haiwi sauti, inakuwa joto kwenye koili. Koili nyingi ni za shaba, na ukinzani wa shaba, yaani inavyozuia umeme kupita, unapanda karibu asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Koili iliyoanza kwenye nyuzi 20 ikafika 200, na za kumbini zinafika, ukinzani wake umeongezeka kama asilimia 70. Kwa mpangilio uleule wa amplifaya, umeme unaopita unapungua, na sauti inashuka karibu desibeli 4 na nusu. Unaongeza, joto linapanda, inashuka tena. Ni mbio za kukimbiza kivuli. Koili yenyewe inapata moto kwa sekunde chache, lakini sumaku na chuma kinachoizunguka vinachukua dakika nyingi, ndiyo maana nusu saa ya kwanza ni tamu. Anayepima spika kwa wimbo mmoja wa dakika nne hataliona hili kamwe.

Sasa wewe. Sikio likikaa kwenye sauti kubwa linachoka, usikivu unashuka kwa muda, na sehemu ya juu ya muziki ndiyo inayotoweka mapema. Unaona twita zimelala, unaongeza trebo, na anayeingia kutoka nje anaziba masikio.

Kuzitenganisha sababu hizi hakuhitaji mtambo. Pima desibeli mwanzoni kwa pinki noizi, andika namba, pima tena baada ya nusu saa bila kugusa kitufe, simu ikiwa palepale. Namba ikishuka, ni koili. Namba ikibaki nawe ukaona sauti imepooza, toka nje ukae kimya. Ukithibitisha ni koili, dawa ni spika nyingi zaidi zinazogawana mzigo, au zinazotoa sauti zaidi kwa umeme uleule. Amplifaya kubwa zaidi itaziunguza.

*

Boksi limeandikwa wati 1,000. Ni kweli?
— Mwenye shaka

Ikiwa pembeni pameandikwa PMPO, hiyo ni hadithi. Tafuta wati za RMS, zile za kazi ya mfululizo. Hata hizo zisikuroge: kutoka wati 50 kwenda 100 unapata desibeli 3 tu, hatua ndogo kwa sikio. Spika inayotoa desibeli 91 kwa wati moja kwa umbali wa mita moja inaipa ile ya desibeli 85 somo la kutosha, kwa sababu ya pili inahitaji wati nne kwa kila wati moja ya mwenzake. Namba ya desibeli ndiyo ya kusoma kwanza, na ndiyo wanayoiandika kwa herufi ndogo.

*

Amplifaya yangu ni wati 40, spika ni za wati 100, na bado twita zimeungua zote mbili. Fundi aliyeziona anasema nilitumia amplifaya kubwa mno. Inawezekanaje?
— Aliyeunguza

Haikuwa kubwa mno, dada, ilikuwa ndogo na ukaikamua. Amplifaya ikiombwa zaidi ya uwezo wake inakata vichwa vya mawimbi, na wimbi lililokatwa kichwa linabeba nguvu nyingi zaidi kwa wastani, hadi mara mbili ya wimbi laini la kimo kilekile. Nyongeza hiyo ina milio mingi ya juu, nayo njia yake ni moja: twita, yenye waya mwembamba kama unywele. Wati 100 zilizoandikwa ni za spika nzima ikipiga muziki wa kawaida, ambao nguvu zake nyingi huenda kwenye wufa, ile spika kubwa ya besi. Twita peke yake hubeba sehemu ndogo sana ya hizo.

Nina swali na wewe pia: ulipandisha besi kwenye ekwalaiza ya simu? Wengi wanafanya hivyo. Kupandisha besi desibeli 6 ni kukuza wimbi la besi mara mbili, na kama rekodi ilikuwa tayari imejaa mpaka juu, wimbi linakatwa ndani ya simu kabla hata ya kufika kwenye waya. Ukipandisha 6, shusha kile kitufe cha jumla cha ekwalaiza 6 vilevile. Au ufanye ninavyofanya mimi: badala ya kupandisha besi, shusha vingine vyote, halafu uongeze volyumu ya amplifaya kwa adabu. Mkwaruzo ukisikika kidogo tu wakati wa ngoma kali, rudi nyuma. Wufa itakusamehe, twita haisamehi.

*

Fundi, nimepata hedifoni nzuri sana. Nafungua mpaka mwisho na haikwaruzi kabisa, wala sioni kama sauti ni kubwa. Mama anasema anaisikia akiwa chumba kingine. Je, niendelee kuipima kwa njia gani?
— Kijana wa hedifoni

Usiendelee. Rudi juu usome jibu la kwanza kabisa, lile la ukumbi. Kile kilichonipata mimi kwa spika kinakupata wewe, tofauti ni kwamba wewe huna mzee wa kukushika mkono, na hedifoni iko sentimita chache kutoka kwenye ngoma ya sikio.

Hedifoni haifanyi kazi ngumu ya spika. Inajaza nafasi ndogo tu kati ya sponji na sikio, kwa hiyo koni yake husogea kidogo mno, na nyingi hutoa zaidi ya desibeli 100 kwa miliwati moja tu, yaani sehemu moja ya elfu ya wati. Hedifoni yenye afya haifiki mahali pa kukwaruza kabla ya kukuumiza. Nikipima hedifoni kwa sauti kubwa nafanya hivyo kwa sekunde 20 au 30, natafuta mambo mawili matatu: besi inatetemesha kasha la upande mmoja? Upande wa kushoto na wa kulia vinabaki sawa? Kama ina kizima-kelele, je, inatoa mipasuko midogo nikitikisa kichwa au besi nzito ikiingia? Basi. Mengine yote, uwazi, mizani, upana, nayasikiliza kwa sauti ya mazungumzo, na hakuna ninachokosa.

Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha mtu mzima kuwa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kila desibeli 3 unazoongeza zinakata muda huo nusu: 83 ni saa 20, 86 ni saa 10, 89 ni saa 5, 92 ni saa 2 na nusu, 95 ni saa moja na robo. Kwa wiki nzima, si kwa siku. Hedifoni anayoisikia mama yako akiwa chumba kingine sitaki hata kuikisia. Simu nyingi za sasa zinaweza kukuonyesha zenyewe makadirio ya desibeli ulizosikiliza wiki hii, fungua kipengele hicho leo, na umuombe mama awe kipimo chako cha pili.

Mimi nilisimama miaka mingi nikiwa na rundo la spika upande wa kushoto, kwa sababu tu meza ya mtambo iliwekwa hivyo. Sikio langu la kushoto lina filimbi isiyozimika, usiku ndiyo inapiga vizuri zaidi. Siku hizi nikitengeneza twita, namwita kijana wangu wa karakana aje asikilize. Naweka mlio wa hezi 12,000, namtazama usoni. Akitikisa kichwa kwamba upo, naifunga spika na kuandika jina la mteja.